Kuunda Kompyuta ya Kwanza kwa Fedha Kidogo: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Vipuri

Utangulizi

Kompyuta ya mezani ni mkusanyiko wa vipuri saba au vinane vinavyotengenezwa na viwanda mbalimbali na kuunganishwa kwa skrubu na kebo. Kwa sababu hiyo, mtu asiye na fedha ya kununua kompyuta iliyokamilika anaweza kununua kipuri kimoja kimoja kadiri anavyopata uwezo, kisha akaiunda mwenyewe au kwa msaada wa fundi. Miongoni mwa wanaofuata njia hii wamo wanafunzi wa vyuo, wenye maduka ya steshenari, wahariri wa video na wapenzi wa michezo ya kompyuta.

Njia hii ina faida zake, lakini inamwondolea mlaji kinga moja muhimu. Aliyenunua kompyuta iliyokamilika ana muuzaji mmoja wa kumdai endapo haitawaka. Aliyenunua vipuri katika maduka matano ana wauzaji watano, na kila mmoja anaweza kumwelekeza kwa mwenzake: wa prosesa atasema ubao ndio mbovu, na wa ubao atasema pawa saplai ndiyo iliyouunguza. Mlaji asiye na ushahidi hubaki katikati, akiwa ametoa fedha yake yote na hana kompyuta.

Sura hii inaeleza namna ya kuchagua vipuri vinavyopatana, namna ya kutambua vilivyo bandia au vilivyochoka, na namna ya kulinda haki zako kabla hujatoa fedha.

Anza na kazi, si bei

Kabla ya kwenda dukani, andika kazi tatu ambazo kompyuta hiyo itafanya mara kwa mara. Kuandika barua, kuchapa nyaraka, kuhudhuria masomo kwa intaneti na kutunza hesabu za duka ni kazi nyepesi. Hazihitaji kadi ya picha. Kuhariri video na kuchora ramani za majengo ni kazi nzito. Zinahitaji prosesa yenye nguvu na RAM ya kutosha. Michezo ya kisasa, kwa upande wake, hutegemea zaidi kadi ya picha.

Orodha hii fupi ndiyo itakayokuwezesha kumkatalia muuzaji anayekushawishi ununue usichokihitaji. Muuzaji anajua alichonacho rafuni. Wewe ndiye unayejua kazi inayokusubiri nyumbani.

Jiulize pia kama kuunda ndiyo njia nafuu kwako. Kwa kazi nyepesi, kompyuta ya ofisini iliyotumika, yenye vipuri vyote ndani yake, mara nyingi hugharimu kidogo kuliko vipuri vipya vya uwezo huohuo. Hata hivyo, zipo kompyuta za namna hiyo ambazo pawa saplai na ubao wake vina maumbo ya pekee, hivyo kipuri cha kawaida hakiwezi kuingia siku kimoja kikiharibika. Kuunda kunafaa zaidi kwa mtu anayekusudia kuongeza uwezo wa kompyuta yake hatua kwa hatua, au mwenye kazi ambayo kompyuta za ofisini haziimudu.

Prosesa: soma namba yote

Prosesa ndiyo inayotekeleza hesabu zote za kompyuta. Soko la kompyuta za mezani lina watengenezaji wawili wakuu, Intel na AMD. Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi wapya ni kusikia nusu ya jina na kulipa. Tangazo linaloandika “Core i5” peke yake halijasema jambo la kutosha. Core i5-2400 ilitoka mwaka 2011, na Core i5-12400 ilitoka mwaka 2022. Zote mbili ni Core i5, lakini baina yake kuna miaka kumi na mmoja ya maendeleo, na haziwezi kukaa katika ubao mmoja.

Kwa prosesa za namna hiyo, tarakimu zinazofuata alama ya kistari huonyesha kizazi: 2400 ni kizazi cha 2, 8400 ni kizazi cha 8, na 12400 ni kizazi cha 12. Dai namba kamili, na uione ikiwa imechongwa juu ya prosesa yenyewe.

Herufi ya mwisho nayo ina maana yake. Core i5-12400F haina uwezo wa kutoa picha kwenye monita bila kadi ya picha, ilhali Core i5-12400 isiyo na herufi hiyo inao. Kwa AMD, Ryzen 5 5600G inatoa picha yenyewe, lakini Ryzen 5 5600 haiwezi. Mnunuzi asiyejua hili huvutiwa na bei ndogo ya prosesa yenye F, akaunganisha kila kitu nyumbani, kisha akakutana na monita nyeusi. Hakuna kipuri kilichoharibika. Kilichokosekana ni kadi ya picha ambayo hakuwa ameipangia fedha.

Ubao mama na soketi

Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi, ndio unaobeba na kuunganisha vipuri vyote. Sehemu inayopokea prosesa huitwa soketi, na kila soketi hupokea jamii yake tu ya prosesa. Prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 12, 13 na 14 hutumia soketi LGA1700. AMD ilianza kutumia soketi AM4 mwaka 2016 na AM5 mwaka 2022. Prosesa ya AM4 haiingii katika ubao wa AM5, wala ya AM5 haiingii katika ubao wa AM4.

Kulingana kwa soketi ni sharti la kwanza, lakini hakutoshi. Ubao una programu yake ya ndani inayoitwa BIOS, ambayo ni lazima iitambue prosesa. Ubao wa AM4 uliotengenezwa kabla ya prosesa unayoitaka unaweza kukataa kuwaka hadi BIOS isasishwe. Angalia orodha ya prosesa zinazokubaliwa katika tovuti ya mtengenezaji wa ubao, na mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kwamba ubao umekwisha kusasishwa kwa prosesa hiyo.

Unapokabidhiwa vipuri hivi, kagua pini. Kwa AM4, pini ziko chini ya prosesa. Kwa AM5 na LGA1700, ziko ndani ya soketi ya ubao. Pini iliyopinda inaweza kuizuia kompyuta kuwaka, na ukishaondoka dukani ni vigumu kuthibitisha nani aliyeipinda. Fungua kasha mbele ya muuzaji, tazama pini kwa mwanga wa simu, kisha ndipo ulipe.

RAM

RAM ni kumbukumbu ya muda inayoshikilia kazi zinazoendelea. Kwa matumizi ya kawaida leo, GB 8 ni kiwango cha chini kinachovumilika, na GB 16 humpa mtumiaji nafasi ya kufungua kurasa nyingi na programu kadhaa kwa pamoja.

Aina ya RAM huamuliwa na ubao. AM4 hutumia DDR4 na AM5 hutumia DDR5. Kwa LGA1700 zipo mbao za DDR4 na zipo za DDR5, hivyo jina la soketi peke yake halitoshi. Soma maelezo ya ubao wenyewe. DDR4 na DDR5 za mezani zina pini 288 kila moja na hufanana kwa macho, lakini pengo la katikati liko mahali tofauti. RAM isiyoingia kwa urahisi isilazimishwe. Zingatia pia kwamba RAM ya kompyuta mpakato ni fupi na haiingii katika ubao wa kawaida wa mezani.

Vipande viwili vya GB 8 kwa kawaida hufanya kazi haraka kuliko kipande kimoja cha GB 16, kwa kuwa prosesa huvisoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Tofauti huonekana zaidi kwa prosesa inayotoa picha yenyewe. Mwenye fedha kidogo anaweza kuanza na kipande kimoja na kuongeza cha pili baadaye, mradi ubao una nafasi zaidi ya moja.

Diski ya kuhifadhia

Kwa kompyuta ya kwanza, SSD ndiyo inayopaswa kubeba mfumo endeshi. Diski ya kizamani inayozunguka inafaa kwa kutunzia picha na video kwa gharama ndogo, lakini hufanya hata prosesa nzuri ionekane nzito.

SSD nyembamba inayolala juu ya ubao huitwa M.2, na jina hilo linataja umbo lake tu. Ndani ya umbo hilo kuna aina mbili: SATA, ambayo kasi yake haizidi sana megabaiti 550 kwa sekunde, na NVMe, ambayo huzidi kasi hiyo mara kadhaa. Zipo mbao ambazo nafasi yake ya M.2 hupokea aina moja tu. Soma kitabu cha ubao kwanza.

Hifadhi ni eneo lenye udanganyifu mwingi. Kuna SSD, diski za kubebeka na kadi za kumbukumbu ambazo zimebadilishwa ili zijitangaze kuwa na nafasi kubwa kuliko zilizonayo. Kompyuta itaonyesha GB 1,000, nawe utaweka mafaili yako bila kuona hitilafu yoyote, mpaka nafasi halisi ijae. Kuanzia hapo, kila unachoongeza hupotea au huharibika. Mwanafunzi anaweza kupoteza tasnifu yake, na mpiga picha harusi ya mteja. Programu ya bure iitwayo H2testw hujaza diski kwa data na kuisoma tena ili kuonyesha ukubwa wa kweli. Fanya jaribio hilo kabla hujaweka kitu cha thamani, na ulifanye ndani ya muda wa waranti.

Pawa saplai: usifanye ubahili hapa

Pawa saplai hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa umeme mdogo unaotumiwa na vipuri. Kwa kuwa haiongezi kasi ya kompyuta, ndiyo ambayo wanunuzi wengi huipunguzia fedha. Lakini ndiyo iliyounganishwa na karibu kila kipuri, na ikiharibika vibaya inaweza kuangamiza vingine vyote. Hapa methali isemayo rahisi ni ghali ina maana yake kamili.

Usiridhike na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Tafuta jedwali dogo kwenye lebo, usome ampea za mstari wa volti 12, kisha zidisha kwa 12. Pawa saplai inayojiita ya wati 500 huku lebo yake ikionyesha ampea 20 tu katika volti 12, inaweza kutoa wati 240 katika mstari huo, na huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha. Ya wati 450 iliyotengenezwa vizuri huonyesha takribani ampea 36 au 37.

Alama ya 80 PLUS inaeleza kwamba kifaa kinapoteza umeme mchache wakati wa kuugeuza. Ni dalili njema, lakini peke yake si cheti cha usalama, na huweza kubandikwa kwa udanganyifu. Linganisha modeli iliyo mkononi mwako na orodha inayotolewa na wasimamizi wa alama hiyo.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya pekee. Baadhi ya pawa saplai, hasa za zamani, zina swichi nyekundu nyuma yenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukikiwasha kifaa hicho swichi ikiwa kwenye 115, kinaweza kuungua papo hapo. Hakikisha swichi iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka plagi.

Pale umeme unapokatika mara kwa mara, tenga fedha kwa ajili ya UPS. Soma wati zake, si VA peke yake, kwa maana VA 650 si wati 650; wati huwa pungufu.

Kadi ya picha

Kama kazi zako hazihitaji kadi ya picha, iache. Unaweza kuiongeza baadaye. Kama unaihitaji, angalia mambo matatu: je, itaenea ndani ya kasha, je, pawa saplai ina uwezo na kebo zake, na je, ni ile inayodaiwa kuwa? Nafasi ya kadi katika ubao hutoa wati 75 tu. Kadi inayotumia zaidi ya hapo huhitaji kebo yake kutoka pawa saplai.

Zimekuwako sokoni kadi za kizazi cha zamani zilizobadilishwa programu ya ndani na kubandikwa jina la modeli mpya zaidi. Programu ya bure ya GPU-Z inaweza kutambua nyingi kati ya hizo na kuzitangaza kuwa bandia. Muuzaji mkweli hatakataa kuiendesha mbele yako.

Mfumo endeshi

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 kwa masharti rasmi hudai RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, kinga ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo katika orodha yake. Kwa Intel Core, orodha hiyo kwa ujumla huanzia kizazi cha 8. Anayenunua prosesa ya kizazi cha 4 kwa sababu ni rahisi ajue kwamba amenunua kitu kisichotimiza masharti hayo. Mifumo ya Linux kama Ubuntu ni ya bure na halali. Weka gharama ya leseni katika bajeti tangu mwanzo, kwani nakala ya wizi inaweza kuja na programu za kuiba nywila na fedha zako.

Kugawa bajeti

Tuchukulie mtu ana shilingi 1,000,000 kwa ajili ya kompyuta ya kazi za kawaida, na tayari ana monita, kibodi na kipanya. Anaweza kuanza na mgawanyo huu:

Prosesa yenye uwezo wa kutoa picha: 280,000
Ubao mama: 220,000
RAM: 130,000
SSD: 120,000
Pawa saplai: 120,000
Kasha: 60,000
Akiba: 70,000

Takwimu hizi si bei za soko, kwa kuwa bei hupanda na kushuka. Ni mfano wa uwiano. Akiba si anasa. Ndiyo itakayolipia kebo iliyokosekana, nauli ya kurudi dukani au ujira wa fundi. Bajeti isiyo na akiba ndiyo inayomlazimisha mnunuzi kumalizia na pawa saplai mbovu kuliko zote dukani.

Usinunue kipuri cha kwanza kabla ya kuandika orodha ya vyote, na ukinunua kwa awamu, prosesa, ubao na RAM vinunuliwe karibu karibu. Ubao uliokaa kabatini miezi mitano ukisubiri prosesa utajaribiwa siku ambayo huenda waranti yake imekwisha.

Vipuri vilivyotumika

Kipuri kilichotumika si kibaya kwa sababu tu kimetumika. Prosesa, RAM na kasha kwa kawaida huweza kutumika tena bila wasiwasi mkubwa. Pawa saplai iliyotumika isiyojulikana historia yake ni heri kuiepuka. Kwa SSD, programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo imewashwa na afya iliyobaki. Kwa prosesa, CPU-Z huonyesha modeli ilivyo.

Omba kipuri kiwashwe mbele yako, si kwa dakika moja bali kwa muda wa kutosha kupata joto. Dai pia jina na namba ya simu ya muuzaji, na uandike namba ya mfululizo ya kifaa. Kipuri kinachouzwa kwa bei ya kushangaza na mtu asiyetaka kujitambulisha kinaweza kuwa cha wizi, na mali ya wizi ikipatikana inaweza kuchukuliwa bila wewe kurudishiwa fedha.

Haki zako na ushahidi wake

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulikia bidhaa zenye alama za uongo. Iwe duka liko Kariakoo au linauza kwa mtandao wa kijamii, maandishi ya “mali ikishauzwa hairudishwi” hayampi mfanyabiashara ruhusa ya kukuuzia kadi bandia kwa jina la kadi halisi.

Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi. Fanya yafuatayo kwa kila kipuri:

1. Dai risiti ya EFD yenye kiasi halisi ulicholipa.
2. Hakikisha risiti au hati ya mauzo inataja modeli kamili, mathalani “Core i5-12400”, si “prosesa” tu.
3. Waranti iandikwe: muda wake, nani anayeitoa, na kama utarudishiwa fedha, utabadilishiwa au utatengenezewa.
4. Hifadhi tangazo na mazungumzo ya simu yaliyoeleza sifa za kipuri.
5. Piga picha namba ya mfululizo kabla ya kutoka dukani.
6. Tunza kasha na stika. Waranti nyingi hukataliwa stika ikiwa imechanwa.

Kabla ya kufunga ndani ya kasha, unganisha vipuri muhimu juu ya meza isiyopitisha umeme na uwashe. Gusa kwanza chuma kilicho wazi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Ikiwa haiwaki, omba duka moja lenye vipuri vizuri libadilishe kimoja kimoja hadi kibovu kijulikane, na upewe maandishi ya fundi. Maandishi hayo ndiyo yatakayokata mzunguko wa wauzaji kulaumiana.

Kisha mwandikie muuzaji husika, ukieleza kasoro, tarehe ya ununuzi na unachotaka, nawe ubaki na nakala. Asipotatua, wasilisha lalamiko lako kwetu pamoja na nakala ya risiti, hati ya waranti, picha na barua hiyo. Usikifungue kipuri wala kukipeleka kwa fundi mwingine kukitengeneza kabla lalamiko halijashughulikiwa, kwa kuwa muuzaji ataweza kudai kwamba uharibifu umetokea mikononi mwako.